Mafuta ya Kondoo na Mikono ya Sunneva

Kijijini kwetu, katika kisiwa cha Suðuroy, kaskazini ya mbali penye baridi na upepo, mtu akiamka hutazama mlimani kwanza. Anataka kujua kondoo wako wapi. Wakiwa wameteremka karibu na nyumba, hali ya hewa itachafuka. Wakiwa juu, nguo zinaweza kuanikwa. Baada ya hapo ndipo watu huteleka kahawa.

Hanus hutazama mlimani kuliko sisi wote. Ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na kondoo wake anawajua kwa sura. Ukimwuliza habari za mke wake, atakwambia, "Mzima." Ukimwuliza habari za kondoo, kaa kitako kabisa, maana hutoki hapo upesi.

Kwetu kondoo hatupwi kitu. Nyama huning'inizwa katika kibanda cha mbao mpaka upepo uikaushe. Sufu hufumwa masweta na soksi. Hata mafuta yaliyomo kwenye sufu Hanus huyatengenezea marhamu. Huchemsha sufu ambayo haijaoshwa katika sufuria kubwa, kwa maji na chumvi. Mafuta huelea juu. Yakiganda huyaengua, huyayeyusha tena, huyachuja kwa kitambaa, kisha huyamimina katika makopo madogo. Ni mafuta ya manjano, mazito, yanayonata na kunuka zizi. Mama yake Hanus alikuwa akitengeneza hivyo hivyo.

Kila nyumba kijijini ina kopo la Hanus. Watu hupaka midomo iliyopasuka kwa upepo, visigino, hata bawaba za mlango. Ukiyasifu, Hanus anakupa kopo la pili. Ukiyakosoa, umejitakia hotuba.

Mke wa Hanus anaitwa Sunneva. Ni mama mpole, mcheshi, asiyekaa bure. Asubuhi hufungasha samaki kiwandani. Mchana hufuma masweta. Kila alipofuma, alichovya kidole katika kopo la mafuta lililokaa kando ya jiko, akajipaka, ili uzi uteleze vizuri. Alifanya hivyo miaka na miaka, bila hata kutazama.

Majira ya baridi yaliyopita mikono yake iliharibika. Kwanza iliwasha. Halafu ikawa myekundu. Kisha ngozi ikapasuka katikati ya vidole, ikatoa majimaji. Usiku alijikuna usingizini.

"Ni ile sabuni ya kiwandani," Hanus alisema. "Paka mafuta."

Akapaka.

"Ni maji ya viazi," Hanus alisema wiki iliyofuata. "Paka zaidi."

Akapaka zaidi. Mikono ikazidi kuwasha.

Alikwenda kwa daktari. Daktari akamwuliza kuhusu sabuni, glavu na kazi yake. Akampa krimu. Mikono ikatulia, Sunneva akafurahi. Krimu ilipoisha, vipele vikarudi kama kwamba havikuondoka. Watu wakaanza kunong'ona dukani. Mmoja alisema ni upele, ule unaoambukiza. Kijiji chetu ni kidogo, na neno likisemwa dukani asubuhi, mchana limeshafika gatini.

Sunneva angevumilia maneno ya dukani. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mkaza mwana wake alikuwa karibu kujifungua.

Mtoto wa pekee wa Hanus na Sunneva ni Teitur. Yeye ni baharia wa meli ya uvuvi, na safari zake ni ndefu. Mke wake, Durita, ametoka Tórshavn, mji mkuu. Wanakaa nyumba iliyo jirani na ya wazee. Durita ni msichana makini, wa maneno machache. Mwanzoni mwa Mei alijifungua mtoto wa kiume huko Tórshavn. Teitur alipata nafasi ya kumwona mwanawe, akampa jina la Regin, kisha akarudi baharini.

Siku Durita alipoletwa kwa feri na mtoto wake, Sunneva alikuwa amepika supu, ameoka keki, na amenawa mikono mpaka ikachubuka. Akavaa glavu nyeupe za pamba.

"Karibu nyumbani, mwanangu!" alisema. "Nipe huyo bwana mkubwa nimwone."

Durita alimtazama usoni. Kisha akazitazama glavu. Kwenye kidole kimoja majimaji yalikuwa yamepenya.

"Amelala, Mama," alisema. "Tumwache kidogo."

Lakini dakika haikupita, akampa Hanus. Hanus alikuwa ametoka kuzalisha kondoo, na kucha zake zilikuwa nyeusi. Alimpokea mjukuu kwa mikono miwili, akaanza kumweleza habari za kondoo wote waliozaa wiki ile.

Sunneva alitoka nje kuchukua viazi ghalani, akakaa huko muda mrefu kuliko viazi vinavyohitaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Upepo," alisema.

Hakukuwa na upepo. Durita alilijua hilo, naye aliona haya. Hakuwa na roho mbaya. Aliogopa tu. Alikuwa na mtoto mchanga, mume yuko baharini, na maneno ya dukani yalishamfikia.

Siku zikaenda hivyo. Durita alikuwa amechoka, hata alisinzia juu ya sahani. Sunneva alimwoshea vyombo, akamfulia, akampikia. Lakini kumgusa mtoto hakuthubutu. Durita alipokuwa akimwogesha Regin, Sunneva alisimama mlangoni na kushika taulo.

Mchana mmoja akaja Turið. Huyu ni muuguzi anayetembelea watoto wachanga nyumba hadi nyumba. Mwanamke mrefu, mwenye kicheko cha karibu. Familia yote ilikuwa nyumbani kwa Sunneva, maana huko ndiko kulikopikwa. Turið akampima Regin uzito, akamsikiliza kifua, akamsifu mapaja.

"Huyu anakula vizuri," alisema. "Na bibi yake je? Mbona umesimama mbali kama mgeni? Hebu nione hiyo mikono."

"Si kitu," Sunneva alisema.

"Vua glavu, mama."

Sunneva akavua. Turið akashika mikono ile, akaigeuza, akaitazama kwa makini. Durita aliona kwamba muuguzi hakuogopa kuigusa.

"Inaambukiza?" Durita aliuliza. Swali lilimtoka kwa kasi. Alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Haiambukizi hata kidogo," Turið akajibu. "Huu ni ukurutu. Ungekuwa upele, nyumba nzima mngekuwa mnajikuna saa hizi. Sasa niambie, Sunneva. Sabuni gani unatumia?"

"Isiyo na harufu. Daktari alinishauri."

"Kiwandani?"

"Navaa glavu. Na ndani yake navaa nyingine za pamba."

"Na mikononi unapaka nini?"

"Nilipaka krimu ya daktari. Ilipoisha basi, sipaki kitu."

Huku akisema hivyo, mkono wake ulikwenda wenyewe kando ya jiko. Kidole kikachovya katika kopo. Akaanza kujipaka katikati ya vidole, taratibu, akimtazama Turið machoni.

Turið akakifuata kidole kile kwa macho. Kisha akauliza, "Na hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho unachopaka sasa hivi."

Sunneva akatazama mikono yake, kama kwamba ni ya mtu mwingine. "Aa, hiki? Hiki si kitu. Ni mafuta ya kondoo tu. Ya Hanus."

"Unayapaka mara ngapi kwa siku?"

"Nani atahesabu? Nikiwa nafuma, nikitoka kiwandani, nikienda kulala. Kila inapowasha."

"Ulimwambia daktari?"

"Aliniuliza habari za dawa na vipodozi," Sunneva alisema. "Haya si dawa. Wala si vipodozi. Ni kondoo."

Turið alicheka mpaka Regin akashtuka. Akamwomba radhi mtoto, kisha akalichukua kopo na kulinusa.

"Sunneva, nafikiri adui yako ndiye huyu."

Hanus alikuwa barazani akivua viatu. Masikio yake hayasikii mengi, lakini hilo alilisikia. Akaingia na soksi moja.

"Nani ana neno na mafuta yangu?"

"Mimi," Turið alisema. "Kaa, Hanus. Sijamtukana mtu."

"Hayo ni mafuta safi! Hayana kemikali! Mimi napaka tangu utotoni. Tazama!" Akatoa viganja vyake. Kweli, chini ya uchafu vilikuwa laini.

"Mikono yako mizuri," Turið alikubali. "Sasa nisikilize. Ngozi ya kondoo hutoa nta laini. Nta hiyo huenea kwenye sufu yote, ndiyo maana mvua ya kwetu haimfikii ngozini. Au sivyo?"

"Ndivyo," Hanus alisema, akatulia kidogo. Aliyesifu kondoo amesifu nyumba ya Hanus.

"Viwandani huisafisha vizuri, wakaiita lanolini. Wanaitia katika krimu nyingi. Watu wengi sana wanaipaka bila shida. Lakini wachache miili yao huikataa. Ndiyo tunaita mzio. Ni kama kamba wa baharini. Wewe unakula sahani nzima. Mwingine akila mmoja, midomo inavimba. Kosa ni la kamba?"

Hanus akafikiri. "La huyo mwenye midomo."

"Si la yeyote. Ni mwili umekataa."

"Lakini nimeyapaka miaka yote," Sunneva alisema. "Mbona mwili haukukataa zamani?"

"Mzio unaweza kuanza ukubwani, hata kwa kitu ulichokizoea. Na ngozi iliyopasuka hupitisha vitu ndani zaidi kuliko ngozi nzima. Ulipopasuka kwa baridi na maji ya kiwandani, mafuta yakapata njia. Tena muwasho hauji palepale. Unapaka leo, unawasha kesho au keshokutwa. Ungejuaje? Krimu ya daktari ilizima moto, na kopo likauwasha upya."

Hanus akalitazama kopo lile kama mtu aliyeambiwa rafiki yake ni mwizi.

"Mimi nimekisia tu," Turið akaongeza. "Sunneva, acha kuyapaka kuanzia leo. Halafu nenda Tórshavn ukapimwe, ujue kwa hakika. Na Durita, bibi huyu anaweza kumbeba mjukuu wake hata sasa hivi."

Durita akainuka, akamsogelea mama mkwe wake, mtoto mikononi. Mwendo wake bado ulikuwa na wasiwasi, na Sunneva aliuona.

"La, mwanangu," Sunneva alisema polepole. "Mikono hii itamkwaruza. Nitamshika nikipona."

Alisema kwa upole, lakini tunamjua. Alikuwa na fahari yake. Alitaka apewe mtoto kwa moyo mweupe au asipewe kabisa.

Sunneva akapanda feri kwenda Tórshavn, akafikia kwa dada yake. Hospitalini walimbandika plasta mgongoni. Chini ya kila plasta kulikuwa na tone la kitu kimoja kimoja: metali, mpira, manukato, na pia mafuta ya sufu. Akaambiwa asiloweshe mgongo, na arudi baada ya siku mbili. Aliporudi plasta zilibanduliwa. Akaitwa tena baadaye, maana ngozi nyingine hukawia kusema. Mgongo wote ulikuwa shwari, isipokuwa sehemu moja. Hapo pamevimba, pamekuwa pekundu, na panawasha vibaya.

"Mafuta ya sufu," daktari alisema. "Hapana shaka."

Sunneva akampigia mumewe simu.

"Kondoo wangu?" Hanus aliuliza. "Una hakika hawakuchanganya na kondoo wa kisiwa kingine?"

Kwa muda Hanus alinuna. Alilihamishia kopo ghalani. Jirani yake Jákup alimkuta gatini na kumtania mbele ya watu.

"Hanus! Nasikia kondoo wako wamemla mama mikono!"

"Wewe nyamaza. Una makopo yangu matatu ndani."

"Ninayo, na siyarudishi. Bawaba zangu hazina mzio."

Watu wakacheka, na Hanus mwenyewe akacheka kidogo. Jioni, Sunneva akiwa amesharudi nyumbani, Hanus alimwuliza kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nakuumiza kila siku, sivyo? Nakwambia paka, paka."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini inaniuma."

Sunneva alimmiminia kahawa, wakanywa wakiwa wamekaa karibu karibu.

Bila mafuta yale, na kwa krimu mpya ya daktari, mikono ilianza kupona. Mipasuko ikafunga. Wekundu ukafifia. Siku ya kunyonyoa sufu mlimani Sunneva hakugusa kondoo. Sufu mbichi ndiyo yenye mafuta mengi. Alibaki nyumbani akawapikia wanyonyoaji. Lakini uzi uliooshwa vizuri haukumdhuru. Aliujaribu kidogo kidogo kama Turið alivyomshauri, na sindano zake zikaanza kulia tena.

Ndipo siku moja alikwenda nyumba ya pili bila glavu. Akanyoosha mikono mbele ya Durita, viganja juu, kisha migongo ya mikono.

"Kagua," alisema.

Durita aliona haya, akatikisa kichwa. "Mama, sihitaji kukagua." Akamweka Regin mikononi mwake.

Sunneva alimwogesha. Alimbadilisha nepi. Alimpaka krimu ya makalio, akamvika, akamwimbia. Siku ile alifurahi hata akasahau kula. Akaja kesho yake, na siku zilizofuata. Durita alibaki karibu, akitazama, lakini uso wake ulikuwa umelegea.

Wiki haikwisha, mikono ikaanza kuwasha tena.

Sunneva aliona vipele kati ya vidole. Akapandwa na hasira. Akamfuata Hanus ghalani.

"Umepaka nini?"

"Nimepaka nini wapi?"

"Usinizuge! Umepaka mafuta yako kwenye mpini wa ufagio? Kwenye kitasa? Wewe na bawaba zako!"

"Sijagusa! Nakuapia kwa yule dume wangu mweusi!"

Mtu aliyemjua Hanus asingedai kiapo kikubwa kuliko hicho. Sunneva akaketi juu ya gunia.

"Basi ni mtoto," alisema. "Kila nikimgusa mtoto. Mwili wangu unamkataa mtoto wetu."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na Hanus akasimama asijue pa kuweka mikono yake.

Durita alikuwa amefika mlangoni na Regin begani. Alisikia yote. Alikuwa amemwona mama mkwe wake mara moja akiwa na macho mekundu, akisingizia upepo. Safari hii hakutaka Sunneva aachwe peke yake.

"Mama, hakuna anayepata mzio wa mtoto," alisema. "Ni kitu unachokigusa kwangu. Twende tukakitafute."

Wakaenda wote watatu. Durita akapanga mezani kila kinachomgusa Regin: sabuni, shampuu, mafuta ya kuogea, na kopo jeupe la krimu ya makalio. Akampigia Turið simu, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Vizuri," Turið alisema. "Geuza kila chupa. Nyuma kuna maandishi madogo ya vilivyomo. Soma kimoja kimoja."

Durita akasoma. Maneno yalikuwa marefu na magumu, akayasoma kwa kujikwaa. Sabuni ikapita. Shampuu ikapita. Mafuta ya kuogea yakapita. Akachukua kopo jeupe.

"Zinki. Vaselini. Adeps... adeps lanae..."

"Hapo hapo!" Turið akasema. "Rudia hilo."

"Adeps lanae."

"Hilo ni jina la Kilatini. Maana yake mafuta ya sufu. Ni kitu kile kile."

Sunneva akashika mdomo. Durita akaligeuza kopo upande wa mbele. "Lakini Turið, hapa pameandikwa ni laini, ya asili, kwa ngozi ya mtoto!"

"Na si uongo. Regin haimdhuru, au sivyo? Makalio yake safi. Lakini neno 'asili' halina maana kwamba kitu kinamfaa kila mtu. Mbele ya kopo panasifu. Nyuma ndiko kunakosema kilichomo. Kwenye chupa nyingine utakuta 'lanolin' au 'lanolin alcohol'. Sunneva akiona maneno hayo, aweke chini."

"Kumbe wanajificha kwa majina!" Hanus alisema.

"Hawajifichi. Ni sisi hatusomi. Tena si kondoo peke yake. Nta ya nyuki iko kwenye mafuta mengi ya midomo. Mafuta ya ini la papa huweza kuwa kwenye krimu ya uso. Kuna kolajeni inayotoka kwenye ngozi ya ng'ombe au ya samaki. Kuna rangi nyekundu ya midomo inayotengenezwa kwa wadudu waliokaushwa na kusagwa."

"Wadudu!" Hanus akaruka. "Watu wanajipaka wadudu mdomoni, halafu wanawasema kondoo wangu!"

Durita alicheka mpaka akamkabidhi Hanus mtoto asije akamwangusha.

"Kila mtu na sababu yake," Turið aliendelea. "Mmoja ana mzio. Mwingine dini yake haimruhusu baadhi ya wanyama. Mwingine hataki mnyama atumiwe kabisa. Kuna vitu vinavyoweza kutoka kwa mnyama au kwa mmea, na jina likawa moja. Hapo usikisie. Muulize mwuza dawa, au waandikie watengenezaji. Na mkiulizwa na daktari mnapaka nini, tajeni vyote. Hata kile ambacho kwenu si kitu."

"Nimekusikia," Sunneva alisema kwa unyenyekevu.

"Na mafuta yangu?" Hanus aliuliza. "Niyamwage?"

"Usiyamwage. Ila kopo lako halina neno hata moja juu yake. Anayepewa atajuaje? Andika kilichomo. Andika umeyatengeneza lini, maana mafuta yakikaa sana huchina, yakaharibika. Na waambie watu wasipake kwenye ngozi iliyopasuka au inayowasha."

Wiki ile Hanus alionekana akipita nyumba kwa nyumba na kalamu nene ya wino. Aliandika juu ya kila kifuniko: "Mafuta ya sufu ya kondoo. Lanolini. Yakikuwasha, acha." Kwa Jákup aliandika pia: "Ya bawaba." Mama mmoja wa kijiji alisoma, akatazama vipele vya shingoni mwake, akaamua kwenda kwa daktari. Hanus alimpeleka kwa gari lake mwenyewe.

Nasi tuliosikia habari hii tumejifunza kugeuza chupa. Siku hizi dukani kwetu watu husimama na krimu mkononi, miwani puani, wakisoma nyuma. Mwenye duka analalamika kwamba tunamzibia njia. Mwache alalamike.

Durita alipata krimu nyingine ya Regin yenye zinki na vaselini, isiyo na mafuta ya sufu. Ile ya zamani alimpa rafiki yake ambaye haimdhuru. Mikono ya Sunneva ikapona tena, na mara hii ikabaki imepona. Alisubiri mpaka alama ya mwisho ilipofutika. Kisha akaenda nyumba ya pili.

Regin alikuwa akilia. Alikuwa amelia usiku kucha, na Durita macho yalimvimba kwa kukosa usingizi. Alifungua mlango, akamtazama mama mkwe wake. Hakutazama mikono.

"Mama, mwogeshe," alisema. "Mimi siwezi tena."

Sunneva akajaza beseni maji ya vuguvugu. Akavua pete. Akamtia Regin majini, mkono mmoja chini ya shingo, mwingine ukimmwagia maji tumboni. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikakoma. Mtoto akafumbua macho, akaanza kupiga maji kwa miguu.

"Bwana mkubwa," Sunneva alimwambia. "Tumechelewa kujuana mimi na wewe."

Aligeuka kumwomba Durita taulo. Lakini Durita hakuwa mlangoni akitazama. Alikuwa amekwenda chumbani, amejilaza na viatu vyake, na amelala fofofo.

Sunneva akaifuata taulo mwenyewe, mtoto akidondosha maji kifuani pake.